Paka anaanza na sauti gani?

Wageni walikuwa wamejaa barazani, na binti yangu wa miaka minne amesimama juu ya kigoda anaimba ei-bii-sii. Aliimba mpaka zedi bila kukwama popote. Shangazi yake akapiga vigelegele, babu yake akampa noti ya elfu moja, nami nimesimama mlangoni na sinia la chai, kifua kimejaa.

Jioni, wageni wameshaondoka, paka wetu akapita uani mkia juu. Nikamwuliza mtoto, mchezo mchezo tu:

"Paka anaanza na sauti gani?"

"Sii," akajibu papo hapo.

"Hebu sema paka."

"Paka."

"Haya, sasa anaanza na sauti gani?"

"Sii, Mama. Sii foo kat."

Nilikuwa nimemtazama midomo. Ilifumbana, ikaachana kwa kipumzi kidogo, p, mbele ya macho yangu. Kinywa chake kiliitoa ile sauti, yeye mwenyewe hakuisikia. Wala hiyo kat ya Kiingereza aliyoniletea haina sii yoyote ndani yake.

Nikaanua nguo, nikapika, nikala. Neno lile halikunitoka.

## Wimbo na daftari

Kilichonisumbua si kwamba hakujua. Mtoto wa miaka minne ana haki ya kutojua. Kilichonisumbua ni kwamba alikuwa na jibu tayari, limekaa pale kama kifuniko cha sufuria, na ukikifunua ndani hamna kitu. Alikuwa ameshika kwamba herufi ni jina, jina lina wimbo, na wimbo una picha. Kwamba herufi ni sauti inayotoka kinywani mwake, hilo hakuna aliyemwambia. Hata mimi mama yake sikuwa nimemwambia.

Nikaanza kuliangalia daftari lake la kazi za nyumbani kwa jicho jingine. Ukurasa mzima wa herufi a, mwalimu ametangulia na vinukta ili mtoto apitishe penseli juu yake. Mstari wa kwanza, a ni a. Mstari wa nne imeshalala ubavu. Mstari wa saba ni kiduara chenye mkia unaokwenda unakotaka. Pembeni palikuwa na tundu: alifuta kwa raba mpaka karatasi ikatoboka. Na chini kabisa, alama ya vema kwa wino mwekundu.

Shule yenyewe siitaji, na sina ugomvi nayo. Mwalimu wake ana watoto wengi, na wanaodai kuona daftari limejaa ni sisi wazazi. Muhula wa kwanza nilikwenda mwenyewe kulalamika kwamba mtoto wa jirani, anayesoma kwingine, ameshafika k na wangu bado yuko d.

Siku moja nilikaa karibu yake anapoandika. Vidole vilikuwa vimeikaza penseli mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Nikamwambia, pumzika mama. Akasema bado mistari mitatu.

Hakunitazama aliposema hivyo.

## Hajati

Nyuma ya nyumba yetu hapa Bombo anakaa Hajati, mama wa Kinubi, mwalimu mstaafu. Kwa miaka mingi alifundisha nasari ya Kimontessori Kampala, zile ambazo mtoto hujifunza kwa kushika na kupapasa vitu, kabla ya kurudi nyumbani. Nilimwendea na daftari kwapani. Nilitaka anipe mbinu ya kumkimbiza mtoto, niseme ukweli. Hajati alilipokea, akalipitia ukurasa kwa ukurasa, akalifunga, akaliweka kando ya mkeka.

"Mwanangu, huyu mtoto anajua kusikiliza neno?"

Nikamwambia masikio yake mazima kabisa, Hajati, hana tatizo.

"Sijauliza masikio. Akisema sabuni, anajua ndani ya sabuni mna nini?"

Sikuwa na jibu.

Akaniambia mwezi mzima nisimwonyeshe herufi hata moja. Nicheze naye kwa sikio tu. Nichukue vitu vitatu vya humu humu nyumbani, niviweke mbele yake, niseme: naona kitu kinachoanza na sss. Nisitamke "es". Nitoe sss, kama tone la maji likiangukia sigiri yenye moto. Akizoea sauti ya mwanzo, niende ya mwisho. Akizoea ya mwisho, niingie katikati ya neno.

"Mwezi mzima, Hajati? Na mwakani tu atakuwa anasailiwa kuingia darasa la kwanza."

"Mwezi mzima. Mkono wake bado mdogo na jicho lake limechoka. Sikio ndilo halijaguswa."

Nilirudi nyumbani na shaka moyoni. Mnaijua hofu hii nyote mliowahi kukaa arusini na kina mama wengine, kila mmoja anaeleza wake amefikia wapi: huyu anahesabu mpaka mia, huyu anaandika jina lake. Na mimi niseme nini? Wangu anasikiliza sabuni?

## Jikoni

Tukaanza na s kwa sababu jikoni kwetu s imejaa: sufuria, sahani, sabuni, sukari, sigiri. Jina lake pia linaanza na s, na siku aliyogundua hilo alizunguka uani mchana kutwa anajiita kwa kuvuta, ssssss, mpaka bata wakamkimbia.

K ilinipa taabu nisiyoitarajia. Lugha yetu ina k kila kona: kiti, kikombe, kijiko, kisu, kioo, kitanda. Siku ya pili tu binti alishang'amua kwamba akianza na ki chochote hakosi, akaacha kusikiliza. Akawa anapiga mfululizo, kikombe-kijiko-kisu, macho yako dirishani. Ulikuwa wimbo mwingine tena. Ikabidi nivichanganye: kuku, kofia, kamba, kabati, mpaka sikio lirudi kazini.

Kwenye m ndipo niliposimama.

Hajati aliniambia kwamba kazi ngumu ya mwalimu wa watoto wadogo ni kuwafanya waitamke konsonanti tupu, bila kuibandikia irabu mgongoni. Asiseme "em", asiseme "ma" wala "me". Aseme mmm, basi. Sasa chukua neno mtu. Litamke polepole. M imesimama peke yake, haina irabu ya kuifunika, ni silabi kamili na pumzi yake. Mti, mkate, mlango, mtungi, mkeka, mto. Mtoto wa Kiswahili ameibeba sauti tupu ya konsonanti mdomoni tangu alipoanza kusema, hakuna aliyemfundisha. Nimezaliwa kambini, baba yangu askari, Kiswahili ndicho nilichonyonya, na nimekisema miaka yote hii bila kuliona hilo. Nilikaa na mwiko mkononi nikarudia mtu, mtu, mtu, kama mtu anayeonja chumvi.

Tukawa tunacheza njiani, tunacheza tukioga, tunacheza ndani ya teksi ya kwenda Kampala, abiria wakitutazama tunavyonguruma mmm na kupuliza fff. Dakika tano hapa, mbili pale. Akichoka tunaacha.

Wiki ya tatu nilikuwa namenya matoke, mikono imejaa utomvu, akaja akanisimamia.

"Mama, paka na papai zina mdomo mmoja."

Kisu kikakaa.

"Zina nini?"

Akafumba midomo, akaiachia. P. Akafumba tena, akaiachia. P. "Paka. Papai. Mdomo mmoja. Na pasi."

## K au ch?

Shaka kubwa zaidi ilikuwa ya lugha. Nyumbani mimi naye ni Kiswahili. Baba yake ni mtu wa Luweero, anamsemesha Kiganda, na mtaani Kiganda ndicho kinachochezwa. Shule ni Kiingereza. Lugha tatu katika mdomo mmoja wenye meno ya maziwa. Dada yangu alinishauri nichague moja na niache nyingine zijitafutie njia, na kwa heshima alimaanisha niache Kiswahili, kwa kuwa hakimsaidii mtoto kwenye usaili. Mnajua jinsi Kiswahili kinavyotazamwa na wengi huku kwetu Uganda, hata baada ya Baraza la Mawaziri kuamua Julai 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Niliogopa kweli. Nikajiuliza kama huu mchezo wangu wa masikio unamchanganya.

Kisha akaja na kitabu.

"Mama, hiki ni k au ch?"

Sikuelewa swali. Akanieleza kwa subira: wewe unasema kitabu. Baba anasema ekitabo, lakini anaisema hivi, na akaisema kama baba yake anavyoisema, echitabo. Sasa ni k au ch?

Kiganda kinaandika k, na mbele ya i ile k inatamkwa karibu na ch. Mganda yeyote akisoma jina la Kintu husikii k pale. Mimi nazisema lugha zote mbili, navuka kutoka moja kwenda nyingine nikifika getini, na ulimi wangu hubadili gia wenyewe bila kuniarifu. Mtoto wa miaka minne alikuwa amesimama katikati ya lile geti akisikia mlango unavyolia.

Baada ya hapo zikaja nyingine. Kwa mama ni rangi, kwa baba ni langi. Kwa mama karatasi, marafiki zake wanasema kalatasi. Kiganda kina kanuni yake: r huandikwa baada ya e na i, kwingine ni l. Yeye hajui kanuni. Anajua tu kwamba ulimi umekaa mahali tofauti, na anataka kujua kwa nini.

Nilikuwa nimeogopa kwamba lugha mbili zitamjaza ukungu masikioni. Kwa mtoto wangu ilikuwa kinyume chake. Kwa kuwa kitu kimoja kina maneno mawili yanayokaribiana, alilazimika kuyasikiliza yote mawili ili ayatenge. Anayeishi na neno moja tu la kitabu ana sababu gani ya kulichungulia ndani?

Nilipomweleza Hajati alipiga mikono pamoja.

"Sasa mpe herufi."

## Msasa

Maria Montessori, mwenye njia hii ya Hajati, alikuwa daktari. Shule yake ya kwanza ya watoto wadogo ilifunguliwa tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mtaa wa watu maskini ambao wazazi walikwenda kazini na watoto wakabaki wakirandaranda kwenye ngazi. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha watoto wenye ulemavu wa akili kwa herufi za mbao zilizochongwa vizuri. Alipotaka nyingine za namna ile kwa ajili ya San Lorenzo, hakupata fundi wa kuzitengeneza. Basi akakata herufi kubwa za karatasi, na nyingine akazikata kutoka kwenye karatasi ya msasa, akazigandisha kwenye kadi laini ili watoto wazipapase. Akakuta zinafanya kazi kuliko zile za mbao.

Hili lilinigusa, kwa sababu hapa kwetu ukisema Montessori watu wanawaza ada kubwa na geti lenye mlinzi. Kumbe kitu chenyewe kilianza kwa gundi na mkasi.

Na jina letu la kitu hicho ni zuri. Msasa ni mti kwanza. Majani yake yanakwaruza, mafundi wakayatumia kulainishia mbao, na karatasi ya dukani ilipokuja ikachukua jina la mti.

Kaka yangu ni seremala. Alinikatia vipande vya playiwudi vilivyobaki karakanani, kila kimoja upana wa kiganja. Vya irabu tukavipaka buluu, vya konsonanti waridi, rangi nyekundu iliyobaki kwenye mlango wa mtu tukaizimua kwa nyeupe. Msasa wa kwanza nilionunua ulikuwa namba 60. Binti alipitisha kidole mara moja akakirudisha. "Inauma." Nikarudi dukani nikachukua namba 120.

Kuna jambo moja nawaambia ili msipoteze karatasi kama nilivyopoteza mimi. Ukichora herufi kwa nyuma ya msasa, ichore imegeuka, kama inavyoonekana kwenye kioo. Nilikata s nzuri sana, nikaigeuza upande wa mchanga, ikawa inatazama nyuma. Nikafanya hivyo hivyo kwa e. Kaka yangu akanichukulia mkasi.

Herufi ndogo tu, zile anazokutana nazo kitabuni. Wala hatukufuata a, b, ch. Tulianza na m, a, s, t, i, k, kwa kuwa hizo sita peke yake zinakupa mti, kiti, kaka, mama, samaki. Ch tuliikata kwenye ubao mmoja, c na h zimeshikana, maana kwetu ni sauti moja na c haina maisha bila h. Sh vilevile, na ny.

Anazipapasa kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwa njia ile ile mkono utakayopita siku ya kuandika. Kidole kinatembea, jicho linaona, mdomo unatoa sauti. Kikitoka nje ya msasa kinateleza kwenye ubao laini, na chenyewe kinajua kimepotea. Hakuna wino mwekundu hapo.

## "Hapana"

Somo lenyewe lina hatua tatu, na Montessori alilipata kwa Édouard Séguin, tabibu wa Kifaransa aliyefundisha watoto wenye ulemavu wa akili kabla yake. Hatua ya kwanza unataja: hii ni sss, papasa, hii ni aaa, papasa. Ya pili unaomba: nionyeshe sss, weka aaa mapajani, nipe sss. Hapa ndipo pa kukaa sana, mtoto ashike na kuzungusha. Ya tatu ndipo unanyooshea kidole na kuuliza: hii ni ipi?

Hajati alinionya juu ya hiyo ya tatu. Usiulize mpaka uwe na hakika atajibu.

Siku ya kwanza nilikuwa na haraka. Nilikuwa nimetoka kazini, nimechoka, nikataka kuona tunda la ile kazi yote ya kukata na kupaka. Nikataja, nikaomba mara moja tu, nikarukia ya tatu. Nikamnyooshea t.

"Hii ni ipi?"

Akanitazama mimi, hakutazama ubao. Aliutafuta uso wangu, kama anavyoutafuta akitaka kujua kama nimekasirika.

"Sss?"

"Hapana."

Nilisema tu hivyo, bila ukali. Akauweka ubao chini polepole, akausukuma kwa vidole mpaka ukingoni mwa mkeka, akainuka akaenda kwa bata.

Siku tisa hakuzigusa. Nilizihesabu. Kila jioni nikiuliza tucheze herufi, anasema ana kazi. Nimewahi kuumizwa na watu wazima, lakini ile sauti ndogo ikiniambia "nina kazi, Mama" iliniingia pengine kabisa. Nikalikumbuka lile tundu kwenye karatasi. Nilikuwa nimemtoa kwenye daftari la mistari nikamwekea lingine la mbao.

Hajati hakunilaumu. Aliniambia mtoto akikosea kwenye hatua ya tatu, amekuambia tu kwamba bado yuko ya kwanza. Neno hapana halimpeleki popote. Unarudi naye mwanzo kana kwamba hakuna kilichotokea, au unakusanya vyako unasema leo tumecheza, kesho tena.

"Na wewe ukikosa njia," akaniuliza, "hupendi mtu akutembeze kidogo?"

Siku ya kumi nilimkuta ameketi mbele ya rafu, macho ameyafumba kabisa, anapapasa m. Sikusema kitu. Nilirudi nyuma hatua mbili nikaingia chumbani, nikakaa kitandani.

## Ba be bi bo bu

Mimi nilisoma kwa ba be bi bo bu, na pengine nanyi pia. Niliipenda. Nilimwuliza Hajati kwa nini nisimfundishe hivyo na mtoto: Kiswahili ni lugha ya silabi, karibu kila moja inaishia kwa irabu, mbona tunajisumbua kuichana vipande?

Hakubishana nami. Akaniambia nimpe mtoto zile herufi za kukata, za karatasi, aunde maneno mwenyewe mkekani, nami nitazame.

Akaunda mama. Aliliunda hivi: m, m.

Nikanyamaza, nimeshajifunza. Nikamwomba aunde mtu. Akaweka m, akaweka t.

Niliyatazama yale maneno mawili mkekani muda mrefu. Hakuwa amekosea ovyo. Alikuwa anapiga silabi moja, herufi moja. Ma ilikuwa donge moja kwake, tu donge moja, na m ya mtu ni silabi kwa haki yake. Ba be bi bo bu ingempa madonge mengi zaidi, na angesoma, kama nilivyosoma mimi. Lakini alikuwa bado hajui kwamba ndani ya donge mmekaa wawili.

Basi tukavuta. Mmmmaaa. Tuliliimba likipanda na kushuka, mmm midomo imefumba, aaa kinywa wazi, kiganja chake kidevuni aone taya linavyoshuka. Siku mbili, tatu. Siku ya nne aliunda mama peke yake, akaruka nafasi, akaunda kaka, akaenda kwenye sanduku kutafuta a nyingine kwa sababu nilikata a nne tu, naye alizimaliza zote.

Kiswahili kinakula a. Kateni kumi.

Watoto wa Montessori waliandika kabla ya kusoma. Anasimulia siku moja ya Desemba juu ya paa, jua linawaka, alipompa kijana wa miaka mitano chaki amchorea bomba la moshi. Mtoto akachora, kisha akapaza sauti kwamba anaweza kuandika, akapiga magoti akaandika sakafuni: mano, camino, tetto. Mkono, bomba la moshi, paa. Yatamkeni hayo maneno matatu. Yote yanaishia kwa irabu, na karibu kila herufi inasema sauti yake, kama yetu. Nilipoyasoma nilihisi kwamba mbinu hii iliyotoka mbali ilipozaliwa ilikuta lugha inayofanana kidogo na ya mwanangu.

Kiingereza kitakuja, najua. Kipo tayari. Huko a ni hii leo na ile kesho, na c itamgeuka kila akigeuka. Baba yake ananiuliza kama simwandalii mtoto ardhi laini ili akaanguke kwenye mawe. Nimelala na swali hilo usiku mwingi, na jibu langu kwa sasa ni lile swali la k au ch. Mtoto anayejua kwamba herufi inabeba sauti anaweza kuambiwa kwamba kwa wenzetu inabeba nyingine, na akauliza ipi. Aliyeshika wimbo peke yake anauliza nini? Lakini darasa la kwanza bado halijafika, na nitakuja kuwaandikia likifika, vyovyote itakavyokuwa.

Daftari la mistari tunalifanya bado. Nilimwomba mwalimu wake, kwa adabu, kama anaweza kumpunguzia iwe mistari miwili. Alikubali, na akaniuliza zile mbao nilizitoa wapi.

## Umeme

Wiki iliyopita umeme ulikatika mapema. Tulikuwa tumelala wote watatu kitanda kimoja kwa sababu ya mvua, baba yake ameshapotea usingizini. Nilikuwa nimempa mgongo binti nikadhani naye amelala. Kisha nikahisi vidole viwili katikati ya mabega yangu, juu ya gauni, vinashuka, vinapanda, vinazunguka.

"Hii ni ipi?"

Nilisikiliza kwa mgongo. Mstari, kisha nundu.

"Nnn," nikasema.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Hakujibu mara moja. Nikasubiri neno lile moja, maana nililijua na nilistahili.

Vidole vikarudi pale vilipoanzia. Mstari ukashuka. Nundu ya kwanza, taratibu. Nundu ya pili, taratibu zaidi.

"Hii ni mmm," akaniambia. "Isikie kwanza. Sikuulizi bado."